Kurusha harusi na msiba mubashara kwa simu: mwongozo wa anayeanza

Kila wiki naulizwa maswali yale yale. "Nikibonyeza laivu YouTube inasema sina wafuatiliaji wa kutosha, nifanyeje?" "Mbona ndugu walioko Muscat wanasema picha inaganda?" "Bando la GB ngapi linatosha harusi?" Nimeyaandika majibu hapa kwa mpangilio, ili ukipewa kazi hii na familia yako usianze kuhangaika siku ya shughuli. Mimi naifanya Tanga na wilaya zake, kwa simu tu: ndoa, hitma, maulidi, kipaimara, mahafali, mazishi. Namna ya kuifanya haibadiliki sana.

Kwanza jiulize unamrushia nani. Mara nyingi si umma. Ni mama mdogo aliyeko Muscat ambaye mwajiri hakumpa ruhusa, ni kaka aliyeko Minneapolis ambaye makaratasi yake hayajakamilika na akitoka hatarudi, ni bibi wa Korogwe ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda basi. Watu hawa hawasubiri picha ya sinema. Wanataka kusikia kadhi anasema nini na kumsikia mtoto wao akijibu. Kwa hiyo weka nguvu zako hivi: sauti kwanza, mtandao wa pili, picha ya tatu. Wanaoanza wengi hugeuza mpangilio huo. Wananunua simu yenye kamera nzuri, halafu harusi nzima inasikika kama watu wanaoongea ndani ya mtungi.

Fungua chaneli leo, hata kama huna shughuli

Hili ndilo linaloumiza watu wengi, hasa kwenye msiba. YouTube haikuruhusu kurusha siku hiyo hiyo unapofungua chaneli. Lazima kwanza uithibitishe kwa namba ya simu, kisha uombe ruhusa ya kurusha mubashara, na ruhusa hiyo inaweza kuchukua hadi saa 24. Maiti ya Muislamu haisubiri saa 24. Kwa hiyo fungua chaneli sasa, iwe tayari imelala.

Masharti mengine uyajue mapema:

- YouTube: ukirusha moja kwa moja kutoka programu yake ya simu unahitaji wafuatiliaji 50 au zaidi. Ukiwa na chini ya 1,000, inaweza kuweka kikomo cha watazamaji, na rekodi inayobaki huwekwa faragha mpaka uibadilishe mwenyewe.
- Facebook: tangu Juni 2024 akaunti inatakiwa iwe na siku 60, na ukurasa uwe na wafuasi 100. Tangu Februari 2025 rekodi ya laivu inakaa siku 30 tu kisha inafutwa.
- Instagram: tangu Agosti 2025 inataka akaunti ya wazi yenye wafuasi 1,000. Kwa shughuli ya familia iache.
- WhatsApp: simu ya video ya kundi inachukua watu 32. Kwa ndoa ndogo ya nyumbani inatosha kabisa.
- Google Meet: watu 100, ila kwa akaunti ya bure mkiwa zaidi ya wawili inakatika baada ya dakika 60.

Huna wafuatiliaji 50? Ipo njia halali. Sharti la 50 ni la programu ya YouTube ya kwenye simu peke yake. Ukitumia programu nyingine ya kurushia, kama PRISM Live Studio au Larix Broadcaster, ukaiunganisha na chaneli yako kwa ufunguo wa matangazo (stream key, msimbo wa siri ambao YouTube inakupa), hudaiwi idadi hiyo. Mimi natumia njia hii hata pale ambapo wafuatiliaji ninao, kwa sababu nitakayoieleza kwenye hatua ya 3.

Vitu vya kuandaa

- Simu ya kurushia. Si lazima iwe mpya. Iwe na betri nzima na nafasi ya kutosha.
- Simu ya pili au MiFi (kifaa kidogo cha laini kinachotoa waifai) ya kutoa intaneti, na laini mbili za mitandao tofauti.
- Simu ya tatu, ya kuazima, ya kurekodi tu bila kurusha.
- Maiki ya nje. Ile ndogo ya kubana kwenye nguo inatosha kuanzia. Zisizo na waya zina raha yake ila zina chaji zake za kufuatilia.
- Stendi ya miguu mitatu yenye kishikio cha simu. Mkono wa mtu hauvumilii zaidi ya dakika kumi.
- Pawabenki mbili na waya mrefu wa chaji, mita mbili hivi.
- Kitambaa laini cha kufutia lenzi, na gundi ya karatasi ya kubandikia waya chini watu wasijikwae.
- Mtu mmoja wa kukusaidia. Usifanye peke yako.

Jambo moja kuhusu maiki: angalia tundu la simu yako. Kama maiki inaingia kwenye tundu lile lile la chaji, utakuwa na sauti huku betri inakwisha. Tafuta adapta ya kugawa tundu mara mbili na uijaribu saa nzima kabla ya siku. Adapta nyingi za bei ndogo hupitisha chaji zikaua maiki, au kinyume chake, na hutajua mpaka usikilize ulichorekodi.

Hatua kwa hatua

1. Omba ruhusa kwa mwenye shughuli. Mwenyekiti wa kamati akikwambia "rusha tu", bado muulize bwana harusi na bibi harusi wenyewe. Msikitini muulize imamu, kanisani muulize padri au mchungaji: wapi usimame, lini uzime. Kwenye msiba mtafute mzee mmoja wa familia, mkubaliane kwa maneno ya wazi nini kionekane na nini kisionekane. Mimi nina misimamo miwili ambayo siivunji hata nikiombwa: sionyeshi uso wa marehemu, na simsogelei mtu anayelia. Upande wa wanawake usiingie na simu bila kuruhusiwa na wanawake wenyewe. Kitchen party na singo wengi hawataki zitoke nje ya ukumbi, na wana haki hiyo.

Kama unafikiria kuendelea mpaka kurusha mikutano ya siasa au habari, hapo umetoka kwenye shughuli za familia. Tanzania huduma ya habari mtandaoni inahitaji leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Nenda ukaulize kabla hujaanza.

2. Nenda ukumbini kabla ya siku, upime mtandao. Fungua fast.com au Speedtest. Watu wengi hutazama namba ya kupakua, wakaona 30, wakafurahi. Hiyo si namba yako. Wewe unatuma, hivyo namba unayoitaka ni ya kupakia, ambayo mara nyingi ni ndogo mno kuliko ile ya kwanza. Pima kwa laini zote mbili, pima pale hasa utakaposimama, kisha pima na karibu na dirisha.

Ukumbi mtupu wa Jumanne asubuhi si ukumbi wenye watu 400 Jumamosi usiku, kila mmoja anatuma picha zake. Mnara ule ule unazidiwa. Kwa hiyo panga kutumia nusu tu ya ulichopima. Ukipata megabiti 5 kwa sekunde za kupakia, rusha kwa 2.5. Ukipata 2, rusha kwa 1 na ushushe picha hadi 480p, ubora wa chini kuliko 720p ya kawaida. Picha ndogo isiyokatika ni bora kuliko picha kali inayoganda kila dakika.

Hesabu ya bando inatoka hapo hapo. Kurusha kwa megabiti 1 kunakula MB 450 kwa saa. Kwa megabiti 2.5, ambayo inatosha 720p, ni kama GB 1.1 kwa saa. Harusi ya saa tano ni karibu GB 6, kwa hiyo nunua GB 8, na angalia bando hilo linaisha saa ngapi. Bando la siku linaloisha saa sita usiku limekatisha harusi nyingi kabla keki haijakatwa.

3. Tengeneza linki mapema na uipange isikatike. Ingia Studio ya YouTube kupitia kivinjari cha simu au kompyuta, panga matangazo ya tarehe yako, chagua yawe "hayajaorodheshwa". Maana yake mwenye linki anaona, na asiye nayo haioni kwa kutafuta. Nakili anwani ya seva, rtmp://a.rtmp.youtube.com/live2, pamoja na ufunguo wako wa matangazo, uviweke kwenye PRISM au Larix. Ufunguo huo ni sawa na neno la siri. Usiutume kwenye kundi.

Ndani ya Studio kuna kipengele cha matangazo kujisimamisha yenyewe. Kizime. Hii ndiyo sababu niliyosema naipenda njia hii. Ukirusha kwa programu ya YouTube, matangazo yakiisha kwa bahati mbaya, linki nayo imekwisha, inabidi uanzishe nyingine na kuwatumia watu upya huku shughuli inaendelea. Kwa njia ya ufunguo, mtandao ukikatika dakika tatu ukarudi, watazamaji wako bado wako kwenye linki ile ile, wanaendelea.

4. Tangaza saa bila utata. Sisi tunasema saa nane mchana, na simu ya aliye ughaibuni inasoma kitu kingine. Nimeshaona watu wakiamka saa nane usiku wa kwao kusubiri ndoa. Andika kwa urefu: "Ndoa ni saa 8 mchana ya Tanga, yaani 14:00. Muscat ni 15:00. Minneapolis ni 06:00 asubuhi wakati wa kiangazi, 05:00 alfajiri wakati wa baridi." Marekani na Ulaya hubadilisha saa mara mbili kwa mwaka, sisi hatubadilishi, kwa hiyo hesabu ya mwezi wa sita si ya mwezi wa kumi na mbili.

5. Ilinde simu isipigiwe. Mwaka wangu wa kwanza nilirusha ndoa moja Pangani kwa simu yangu na laini yangu ya kawaida. Kadhi ameshaushika mkono wa bwana harusi, chumba kimya, shangazi mtu aliyeko Muscat akanipigia kuuliza mbona picha imekuwa na giza. Simu yake ikayakata matangazo. Niliporudi hewani, bwana harusi ameshasema "nimekubali" na watu wanapeana mikono. Shangazi yule ndiye aliyemlea yule kijana tangu darasa la pili, na ndoa yake hakuiona. Sijaisahau, na tangu siku hiyo nafanya hivi:

Simu ya kurushia haina laini. Iweke kwenye hali ya ndegeni, kisha washa waifai, uiunganishe na simu ya pili au MiFi. Washa na "Usinisumbue", uzime alamu zote. Hiyo simu ya pili inayotoa intaneti iwe na laini ambayo namba yake hakuna aliyewahi kuipata, kwa sababu kwenye baadhi ya simu mtu akipiga, intaneti inasimama mpaka simu ikatwe. Wanaotaka kuuliza lolote wampigie msaidizi.

6. Weka intaneti mahali pa juu, kamera pabaki pake. Faida nyingine ya kutenganisha simu mbili ni kwamba mtandao na picha havilazimiki kukaa pamoja. MiFi ibandike dirishani, wewe kaa mbele ya ukumbi.

Kwenye mazishi moja juu ya Mlalo, Lushoto, kaburi lilikuwa bondeni na mtandao haukufika kabisa. Tulipanda na vijana wa pale mpaka kwenye mparachichi ulio kama hatua ishirini juu ya kaburi, tukaitia MiFi kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ya manyunyu, tukaifunga tawini kwa kamba ya katani. Vidoti viwili vya mtandao vikaonekana. Nikarusha kwa megabiti 1, picha ya 480p, simu kwenye stendi upande wa miguuni nyuma ya wanaume, bila kuisogeza hata mara moja. Mtoto wa marehemu alikuwa Muscat, hakupata ndege. Jioni alinitumia ujumbe wa sauti. Hakuitaja picha. Alisema ameisikia talkini ya baba yake neno kwa neno, na amesikia udongo ukiingia.

7. Isogeze maiki karibu na anayesema. Alisikia kwa sababu maiki ndogo ilikuwa kwenye kanzu ya shekhe, si kwenye simu. Maiki ya simu inachukua kilicho karibu nayo: kikohozi chako, watoto, feni. Mtu aliye mita nne tu tayari anasikika wa mbali.

Ukumbini kuna njia mbili. Ya kwanza ni kumwomba fundi wa muziki akupe sauti kutoka kwenye mikisa yake. Ni nzuri, ila sauti inayotoka pale ina nguvu kuliko simu inavyotegemea, na bila adapta yenye kupunguza itapasuka. Mwombe aanze chini kabisa na kupandisha taratibu huku wewe unasikiliza. Ya pili, ambayo mimi naianza nayo nisipomjua fundi, ni kuweka maiki ubavuni mwa spika moja, kama mita moja na nusu, isiwe mbele ya mdomo wa spika. Uliza pia jenereta litakaa wapi, usiweke maiki upande huo. Nje kwenye upepo, ifunike maiki kwa sponji yake. Ukikosa, kipande cha soksi safi kinasaidia.

Maiki za waya zenye ncha ya mviringo zina kosa lake: hesabu pete nyeusi kwenye ncha. Simu inataka ncha yenye pete tatu. Yenye pete mbili ni ya kamera, simu haiitambui, na itaendelea kuchukua sauti kwa maiki yake ya ndani bila kukuambia.

8. Ipange picha. Ilaze simu kabla ya kubonyeza kuanza, kwa sababu programu nyingi zinashika mkao wa mwanzo mpaka mwisho. Tumia kamera ya nyuma. Futa lenzi. Usiwaweke wahusika na dirisha nyuma yao, watageuka vivuli vyeusi. Usivute karibu kwa vidole, picha inachakaa, sogeza stendi. Ukiona mistari inatembea kwenye picha chini ya taa za ukumbi, tafuta kipengele cha kuzuia kumeta ukiweke 50 Hz, kwani umeme wetu ni wa 50, na simu zilizonunuliwa Marekani mara nyingi huja zimewekwa 60.

9. Fanya jaribio la kweli. Siku moja kabla, rusha dakika kumi kwa mtindo ule ule, maiki ile ile, laini ile ile, kwa linki nyingine ambayo haijaorodheshwa. Mtafute ndugu mmoja wa mbali atazame kwa hedifoni, akwambie anasikia nini. Wewe uliye pale huwezi kujua, masikio yako yanasikia ukumbi.

10. Anza dakika kumi na tano kabla. Elekeza kamera kwenye kadi ya mwaliko au maua, watu waingie, waseme kama wanasikia. Kumbuka wanaona kilichopita sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika au zaidi, hivyo ukiuliza "mnasikia?" subiri jibu, usianze kuchomoa nyaya. Simu ya tatu nayo ianze kurekodi sasa. Mtandao ukikatika, sehemu iliyopotea utaitoa huko.

11. Ukishaanza, iache simu. Geuza kamera taratibu na kwa sababu. Msaidizi ndiye ashughulike na maoni, wewe tazama betri, bando na joto. Kwenye msiba mimi huzima maoni. Wapo matapeli wanaofuata matangazo ya mazishi, wakaweka linki za uongo zinazoomba namba za kadi, au namba ya simu ya kutuma rambirambi isiyo ya familia. Namba ya michango itangazwe na familia yenyewe, kwa mdomo wa mtu anayejulikana.

Makosa yanayojirudia

Muziki. YouTube inautambua wimbo wenye mwenyewe, inaweza kufunika matangazo yako kwa picha tupu au kuyasimamisha, na ukirudia unaweza kunyimwa kurusha kabisa. Haijali kwamba ni harusi ya dada yako na DJ amelipwa. Kubaliana na familia: rusha ndoa, nasaha, utambulisho, zawadi na keki. Ikifika saa ya kufungua muziki, waage watazamaji, uzime.

Kutumia waifai ya ukumbi. Ukiambiwa "waifai ipo", shukuru, halafu tumia yako. Wageni nao wataambiwa ipo.

Kuchaji simu kwa chaja ya haraka ndani ya kava, juani. Simu inapata moto kutoka pande tatu. iPhone, kwa mfano, imetengenezwa kufanya kazi kwenye hewa ya nyuzi 0 hadi 35, na jua la saa saba Tanga linaipita hiyo upesi. Vua kava, ianze ikiwa na chaji kamili, iweke chini ya mwavuli, chaji kwa pawabenki ya kawaida.

Kubadilisha mpango siku yenyewe. Mjomba anafika na simu yake mpya, anasema ina kamera nzuri zaidi. Mwambie kwa heshima airekodi kwa hiyo.

Tatizo likitokea

*Picha inaganda kwa watazamaji wote.* Unarusha kizito kuliko mtandao. Shusha bitireti (zile megabiti kwa sekunde unazorusha) kwa nusu. Haikusaidia, hamia laini ya pili. Hakikisha simu ya kutoa intaneti haijaanza kusasisha programu zake kimyakimya.

*Inaganda kwa mmoja tu.* Tatizo liko kwake. Mwambie ashushe ubora kwenye kitufe cha mipangilio ya video, au afunge na kufungua linki upya.

*Sauti haipo kabisa.* Chomoa maiki. Sauti ikirudi, kosa ni maiki, adapta au chaji ya maiki. Endelea na ya simu, isogeze simu karibu, umalizie hivyo. Usitengeneze nyaya wakati wa kiapo.

*Sauti inapasuka.* Iondoe maiki mbele ya spika, au mwambie fundi ashushe anachokupa. Kushusha kwenye simu hakutasaidia kama imeshapasuka kabla ya kuingia.

*Simu imeandika kuwa ina joto.* Punguza mwanga wa skrini hadi mwisho, toa chaji, ipepee. Usiiweke kwenye friji wala juu ya barafu ya soda, unyevu utaingia ndani.

*Programu imejifunga.* Ifungue, rusha tena kwa ufunguo ule ule. Watazamaji wawe wameshaambiwa mwanzoni: matangazo yakisimama, msitoke kwenye linki.

*Umeme umekatika.* Simu na MiFi zina betri zake, zinaendelea. Kilichokufa ni taa na spika. Peleka maiki kwa msemaji mwenyewe, mwombe mtu awashe tochi kutoka ubavuni, usiwaelekezee usoni.

*Hakuna mtandao hata kidogo.* Rekodi kwa ubora wa juu, sauti safi, kisha nenda mahali penye mtandao uipandishe usiku huo huo kwa linki ambayo haijaorodheshwa. Watumie ujumbe mapema ndugu wajue, wasikae wanasubiri skrini nyeusi.

Baada ya shughuli

Usizime hapo hapo. Acha sekunde thelathini, kwa sababu walioko mbali bado wanaona kilichopita. YouTube huhifadhi yenyewe matangazo yasiyozidi saa 12. Ingia uangalie rekodi imewekwa kwa nani, na uulize familia kama wanataka ibaki. Ya Facebook ipakue kabla ya siku 30. Kata vipande ambavyo mtu ameomba visibaki, hata kama kwako ni vya kawaida. Kisha unganisha na ile rekodi ya simu ya tatu, utie kwenye flashi mbili, uandike tarehe na majina kwa kalamu isiyofutika. Moja mpe mwenye shughuli mkononi. Ya pili mpe mtu wa kwanza anayesafiri kwenda kule waliko waliokuwa wanatazama.